Kanumba alitengenezwa na runinga. Mbona runinga haijatupa mwingine?

Mwanasinza (#1)

Wakuu salaam.

Kila ikifika Aprili picha za marehemu Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, zinaanza kuzunguka kwenye makundi ya simu, na maneno ni yale yale: pengo halizibiki. Nakaa Sinza, si mbali na eneo la Vatican alikokuwa anaishi, kwa hiyo nayasikia sana. Sijawahi kusikia mtu akieleza hilo pengo lenyewe ni la nini.

Wengi wanamkumbuka kama mtu wa CD: makasha ya rangi kali, sura yake imejaa mbele, magari na majumba. Mimi nilimjua kabla ya hapo. Aliingia kundi la maigizo la Kaole Sanaa Group mwaka 2002, kijana wa miaka 18 katikati ya watu wazito kama Mzee Magari, Muhogo Mchungu, Bi Star, Dk. Cheni, Ray, Johari na Richie. Tulikuwa tunawaangalia ITV. Kwenye michezo kama Jahazi na Dira hakuwa nyota wa mtu. Alikuwa mmoja wa vijana warefu wa kundi, na ukitazama wiki hii na wiki ijayo unamwona anabadilika. Sauti inashuka, mikono inatulia, anaanza kumsikiliza anayeongea naye badala ya kusubiri zamu yake ya kusema.

Hoja yangu ni kwamba kundi lile lilikuwa shule, na runinga ndiyo iliyokuwa mtihani wa kila wiki. Ukiharibu, mtaa mzima unakusema kesho yake. Hapo ndipo alipopikwa. Miaka kumi baadaye ametutoka, na ile shule nayo haipo. Tunalia mtu kumbe tungelilia na chuo.

Mnaonaje?

Chalinze Boy (#2)

Mleta mada, unaipa Kaole sifa nyingi mno. Kina Kaole walikuwa kibao, mbona hawakuwa Kanumba wote?

Kilichomjenga ni soko. Kariakoo ilikuwa na wasambazaji wenye pesa, kila mtaa una kibanda cha kukodisha CD, kila basi la mkoani lina skrini. Nimekulia kwenye basi la mzee wangu, najua abiria walivyokuwa wanataka. Ukiweka filamu ya Kanumba hakuna anayeuliza tumefika wapi. Soko likafa, basi hata angekuwepo leo angekuwa anauza vitenge.

Jamaa alifariki Ijumaa Kuu 2012 akiwa na miaka 30, soko likiwa bado zima. Ndiyo maana tunadhani lilikufa naye.

Binti Mzizima (#3)

Chalinze Boy, tuweke rekodi sawa. Ni usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, Siku ya Karume. Ijumaa Kuu ilikuwa ndiyo imekwisha. Na alizaliwa 8 Januari 1984, kwa hiyo alikuwa na miaka 28, miezi mitatu tu baada ya siku yake ya kuzaliwa.

Kwenye hoja niko na Mwanasinza. Kwetu Magomeni nyumba yenye runinga ilikuwa ya jirani mmoja, na siku ya mchezo viatu vinajaa mlangoni hadi barazani. Watoto mkekani, wakubwa kwenye makochi, mwenye nyumba anashika rimoti kama fimbo ya uchifu. Mchezo ukiisha hakuna anayeondoka, tunaanza kubishana nani mkosaji. Msanii aliyepita kwenye barza ile huwezi kumwambia ameanza na CD.

Mtoto wa Shinyanga (#4)

Ahsante kwa uzi. Msisahau alikotoka. Huyu ni Msukuma wa Shinyanga, alikuja Dar kama tulivyokuja wengi, na lugha ya mjini aliikuta. Ukiangalia kazi zake za mwanzo unasikia kabisa anajitahidi na maneno. Hiyo ndiyo iliyomfanya awe na bidii kuliko waliozaliwa hapa.

Shomvi wa Kunduchi (#5)

Mtani, kwa hiyo sisi wenyeji tulikuwa tumelala? Mlikuja mkatukuta na Kiswahili, tukawafundisha bure, leo mnatudai.

Mtoto wa Shinyanga (#6)

#5 mtani wangu, mlitufundisha Kiswahili na uvivu kwa pamoja. Tukachukua Kiswahili, uvivu tukawaachia wenyewe.

Lakini kwenye bidii niko makini. Kumbukeni 2009 alipoalikwa kwenye nyumba ya Big Brother Africa. Watu walimcheka Kiingereza chake hapa mjini mpaka ikawa nongwa. Wangapi tungejificha? Yeye aliendelea kwenda mbele za watu na Kiingereza hicho hicho, akaendelea kufanya kazi na Wanigeria, na miaka miwili baadaye akaja na Devil Kingdom akiwa na Ramsey Nouah. Huo moyo haufundishwi na kundi lolote.

FundiKamera (#7)

Nimeshika taa na kamera kwenye filamu za miaka ile, sitataja za nani. Naomba niseme kitu ambacho watazamaji hawakioni.

Kazi ilikuwa ya haraka mno. Nyumba inakodiwa Mbezi Beach au Tabata kwa siku chache, mwenye nyumba anapitapita na kanga sebuleni, jenereta la jirani linanguruma, mpiga picha anaambiwa amalize kabla jua halijazama. Hadithi moja inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi anunue mara mbili. Katika mazingira hayo anayeokoa filamu ni msanii anayejua kukaa kwenye nafasi bila kuelekezwa. Waliopita kwenye vikundi vya runinga walikuwa hivyo. Unamwambia "simama hapa, mwanga huu", anaelewa. Waliokuja baadaye kwa sura na umbo unawaelekeza mpaka betri inaisha.

Kwa hiyo #1 ana haki. Lakini hata #2 ana haki, maana bila hela ya Kariakoo hakuna nyumba ya Mbezi.

Mama Zuu (#8)

Jamani mimi ni mtu wa nyumbani, mambo ya kamera siyajui. Ninachojua ni kwamba Uncle JJ iliwafanya wanangu wakae chini na kutulia, yeye na wale watoto, Jennifer na Patrick. Alikuwa mtu mzima anayekubali kuaibishwa na watoto mbele ya kamera. Waigizaji wetu wa kiume hawapendi hilo, wanataka wawe matajiri au majambazi tu. Wanangu walipoambiwa amefariki, wa mwisho aliuliza nani sasa atawalea Jennifer na Patrick. Sikuwa na jibu, nilimpa uji.

Kijana wa Tandale (#9)

Hivi Kanumba si ndiye aliyeanzisha bongo movie na ile Girlfriend? Ndiyo maana ilikufa naye.

Binti Mzizima (#10)

#9 hapana. Girlfriend ni ya 2003, iliongozwa na George Tyson, ndani kuna TID na Monalisa. Kanumba wakati huo bado ni wa Kaole. Yeye alipaa na Dar to Lagos mwaka 2006, alipokutana na Mercy Johnson. Na kabla ya wote kulikuwa na Mambo Hayo ya kina Bishanga na Waridi, runingani hapo hapo. Tusimpe mtu mmoja kazi ya watu wengi.

Kijana wa Tandale (#11)

Shukrani dada. Nilikuwa mdogo, kwetu ilikuwa kibanda umiza na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu za nje, tu.

Mzee wa Mburahati (#12)

Nimesoma kimya tangu #1. Mnazunguka. Huyu kijana hakufa kifo cha kawaida, na nyote mnajua yaliyosemwa mitaani. Ametoa filamu ya mambo ya shetani mwaka 2011, mwaka uliofuata hayupo. Frimasoni hawachezewi. Mnataka kuongelea soko la CD!

Nesi wa Temeke (#13)

Mzee wangu #12 shikamoo. Kwa heshima zote, hili nitalijibu kwa sababu limeshaua watu wengine.

Uchunguzi wa Muhimbili ulitaja mtikisiko wa ubongo. Watu waliposikia "alianguka chumbani kwake" walisema haiwezekani, mtu mzima mwenye afya haanguki akafa. Inawezekana kabisa. Ubongo umekaa ndani ya fuvu lisilotanuka. Ukipata kishindo kikali unaweza kuvimba au damu ikavuja ndani, na kwa kuwa hakuna pa kwenda, unabana sehemu ya chini inayoendesha pumzi. Nje unaweza usione hata jeraha. Hakuna damu, hakuna mfupa uliotokeza, ndugu wanadhani amezimia au amelala.

Nimepokea kijana aliyeanguka na bodaboda jioni. Aliinuka mwenyewe, akajifuta vumbi, akaenda nyumbani, akala. Akasema kichwa kinauma, akapewa dawa ya maumivu, akalala. Usiku alikuwa anakoroma sana, mama yake akafurahi kwamba mtoto amepata usingizi. Kulipokucha haamki. Walipotuletea mboni ya jicho moja ilikuwa kubwa kuliko ya pili. Hatukumpata.

Kwa hiyo mtu akijigonga kichwa halafu akatapika, akaongea ovyo, akasinzia kuliko kawaida yake, kichwa kikazidi kuuma au akapata degedege, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Mkianza kuuliza nani kamroga mnapoteza saa ambazo yeye hana.

Mzee wa Mburahati (#14)

Marahaba mwanangu. Hayo ya ubongo nimeyapokea na nitayasema nyumbani, maana wajukuu wangu wawili ni wa bodaboda. Lakini kishindo kina sababu, na sababu ina mwenyewe. Hapo hatutakubaliana.

Chalinze Boy (#15)

Mwenyewe anajulikana, mahakama ilishasema. Lulu, yule mwigizaji aliyekuwa naye usiku ule.

Msimamizi (#16)

Wadau, mjadala ni huru ila hakuna kumtukana mtu hapa. Machapisho mawili nimeyafuta.

Wakili wa Kisutu (#17)

Ngoja niliweke kama lilivyo, maana kila mwaka linapotoshwa.

Elizabeth Michael, Lulu, alishtakiwa kwanza kwa mauaji. Suala la umri wake lilibishaniwa sana mahakamani kwa kuwa alikuwa binti mdogo. Baadaye shtaka likawa kuua bila kukusudia, akapata dhamana mwanzoni mwa 2013. Hukumu ilitolewa Mahakama Kuu 13 Novemba 2017: hatia, kifungo cha miaka 2. Mei 2018 akatoka kumalizia adhabu nje kwa kazi za jamii. Shtaka hilo halisemi kwamba mtu alipanga wala alitaka mwenzake afe. Ukisema "muuaji" unasema kitu ambacho mahakama haikukisema.

Adhabu ameshaimaliza. Wote wawili walikuwa watoto wa runinga na filamu, wamekua mbele ya macho yetu, na usiku ule tulipoteza mmoja na kumvunja mwingine.

Mama Zuu (#18)

Wakili ubarikiwe. Mimi namkumbuka Lulu akiwa mtoto kabisa kwenye mchezo wa runinga. Nilivyomwona mahakamani kwenye taarifa ya habari nilizima.

Mwanasinza (#19)

Ahsanteni kwa michango. Nesi, #13 nimeihifadhi.

Nirudi kwenye mada. Nilikuwa Leaders Club Jumanne ile, 10 Aprili. Niliondoka nyumbani mapema nikidhani nitapata nafasi ya kumuaga. Sikulisogelea jeneza. Umati ulikuwa wa maelfu kwa maelfu, watu juu ya miti, juu ya kuta, kina mama wanabebwa na Msalaba Mwekundu, na Makamu wa Rais Dk. Bilal yuko pale. Kutoka Leaders hadi makaburi ya Kinondoni si mbali, ila barabara ilikuwa haipitiki. Nilisimama na muuza maji mmoja, ameacha kuuza, ndoo ameiweka chini analia. Nikamuuliza kama alikuwa anamfahamu. Akasema, "Huyu alikuwa anakuja kwangu kila Jumapili." Alimaanisha runingani.

Ndiyo maana nasisitiza. CD unaifuata wewe dukani. Runinga inakufuata nyumbani, bure, na mtu anakuwa ndugu.

Chalinze Boy (#20)

Hiyo ya muuza maji nimeielewa. Basi nami niongeze la kwangu: hiyo runinga ya bure ilizimwa. Kumbukeni 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar. Antena zetu za juu ya bati zikawa za kuanikia nguo. Kila nyumba ikatafute king'amuzi, wengi hawakuwa na hela. Ilikuwa karibu miezi tisa tu baada ya msiba. Waliopata ving'amuzi wakakutana na tamthilia za Wakorea, Wafilipino, baadaye Waturuki. Azam akaja Desemba 2013. Mtazamaji wa Jumapili akahama.

FundiKamera (#21)

Na mwaka 2013 huo huo zikaja stempu za TRA kwenye CD. Nia ilikuwa nzuri, kuwabana wezi. Mtaani hali ikawa nyingine: halali ina stempu na bei yake, na pembeni yake kuna ya kuchoma, filamu kumi kwenye diski moja kwa bei ya soda. Baadaye flashi, baadaye simu. Msambazaji anapiga hesabu, anakata bajeti, siku za kupiga picha zinapungua. Hapo ndipo ubora ulipoporomoka, mimi nilikuwepo.

Kipepeo wa Tanga (#22)

Mnaongea mitambo na stempu, mimi nahesabu makaburi. Kanumba Aprili 2012. Sharo Milionea Novemba mwaka huo huo, ajali ya gari kwetu Muheza. Sajuki Januari 2013 baada ya kuugua muda mrefu. Halafu Mei 2014 peke yake tulimzika Adam Kuambiana, tukamzika Recho, na George Tyson akafa kwa ajali Gairo. Juni Mzee Small. Tasnia gani inapoteza waigizaji, mwandishi na mwongozaji kwa muda mfupi namna hiyo ikabaki imesimama? Kuambiana alikuwa anaandika, anaongoza, anaigiza. Hao ndio wangefundisha wanaofuata.

Mzee wa Mburahati (#23)

#22 umejibu mwenyewe. Wote hao ndani ya muda mfupi, halafu mnaniambia hakuna kitu.

Nesi wa Temeke (#24)

Mzee, ni ajali mbili za barabarani, na maradhi kama ya Sajuki na Mzee Small. Barabara zetu zinaua hata wasiojulikana, ila wao hawatangazwi.

Mzee wa Mburahati (#25)

Wewe binti ukija Mburahati nitakuchinjia kuku, lakini sikubali.

Binti Mzizima (#26)

Kuna jambo halijaguswa. Mikataba. Wasanii wengi wa wakati ule waliuza filamu moja kwa moja kwa msambazaji, haki zote, wakalipwa mara moja. Filamu ikiuzwa miaka kumi, ikioneshwa runingani, ikiwekwa mtandaoni, aliyeigiza hapati kitu na akifa familia haipati kitu. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA, chombo cha serikali cha kusimamia hakimiliki, ipo, lakini ukishasaini kuuza umeuza. Kijana akiona hivyo kwa nini akae miaka minane kwenye kundi akijifunza? Anatafuta wafuasi, anapata tangazo la sabuni, maisha yanakwenda. Simlaumu.

Wakili wa Kisutu (#27)

Sahihi kabisa. Ninachowaambia wasanii wanaokuja ofisini: msiuze, kodisheni. Taja muda, taja eneo, taja njia, kwamba hii ni ya diski, hii ya runinga, hii ya mtandao. Na andika jina la mrithi. Wananiangalia kama nawatabiria kifo.

Kijana wa Tandale (#28)

Mimi napinga hoja ya #1 kwamba shule haipo. Siku hizi tamthilia zimerudi kwa nguvu. Maisha Magic Bongo kuna Juakali ya Lamata, Azam wana chaneli ya Sinema Zetu, vijana wanaigiza sehemu nyingi mfululizo. Huo si ndio mtihani wa kila wiki uliousema? Mtaani kwetu Juakali inagombanisha watu kama mpira.

Mwanasinza (#29)

#28 hoja nzuri, na hao wa Juakali nawaheshimu. Tofauti ninayoiona ni mbili. Kaole walikuwa kundi kabla ya kuwa kipindi, wanafanya mazoezi pamoja, mzee anamkemea kijana. Leo unaitwa kwa usaili, unaigiza, unaondoka. Pili, nyumba isiyolipia king'amuzi haimuoni. Muuza maji wangu wa Leaders hana kifurushi.

Kijana wa Tandale (#30)

Ana simu lakini. Vipande vinafika kwenye simu.

Shomvi wa Kunduchi (#31)

Vipande vya dakika moja, mtu anamjua mwigizaji kwa kofi alilopiga tu. Kanumba tulimjua kwa kunyamaza kwake.

FundiKamera (#32)

#31 umenikumbusha. Swali kwa wadau: kuna mtu ana kanda za michezo ya Kaole ya miaka ya 2002 hadi 2005, hata VHS iliyorekodiwa nyumbani? Filamu zake zinapatikana kirahisi, lakini ile michezo naona vipande tu. Nina mashine ya kuhamishia kanda kwenda kompyuta na sitatoza kitu.

Mama Zuu (#33)

Ninayo moja, ina harusi ya shemeji yangu juu yake lakini mwisho umebaki mchezo. Imeota ukungu kidogo. Inafaa?

FundiKamera (#34)

Inafaa mama. Usiiweke juani na usijaribu kuicheza kwenye deki, utepe utakatika. Nitumie ujumbe pembeni, niko Ubungo.

Chalinze Boy (#35)

Ikishatoka iwekeni hapa tumalize ubishi na Mwanasinza. Mimi bado nasema soko.